TENGENEZA, USIFUNIKE
Mazungumzo juu ya kuuza nyumba baada ya mavuno

Mazungumzo haya tuliyatoa mbele ya wahitimu wa kisomo cha watu wazima. Tuliombwa tuyaandike gazetini ili na wale ambao hawakuwapo siku ile wayasome.



Sisi tunaosema nanyi ni mafundi watatu. Wawili ni waashi na mmoja ni seremala. Kazi yetu ni kujenga nyumba na kutengeneza zile zilizochakaa. Kila mwaka, masika yakiisha na mavuno yakiingia ndani, watu hutujia. Mmoja anasema, "Fundi, nauza nyumba yangu. Njoo uipake chokaa ing'are." Mwingine anasema, "Fundi, nimepata fedha za pamba, nataka kununua nyumba ya fulani. Njoo unitazamie." Kwa hiyo tumewaona wauzaji, na wanunuzi tumewaona. Leo tutawaeleza tuliyoyaona.

Kuuza nyumba si sawa na kuuza kuku. Nyumba ni mahali pa kulaza watoto. Muuzaji akikosea, jamaa zake watahangaika bila mahali pa kulala. Mnunuzi akidanganywa, jasho lake la miaka mingi limepotea. Kwa hiyo tusiifanye kazi hii mbio mbio.

KWA NINI BAADA YA MAVUNO?

Watu wengi vijijini huuza nyumba wakati wa shida. Mtoto anaumwa, au karo inadaiwa, au mtu anahamia mbali. Wakati wa shida bei huwa ndogo, maana mnunuzi anaiona shida yako usoni.

Kama unaweza kuchagua wakati, chagua miezi ya kiangazi baada ya mavuno. Sababu ni tatu. Kwanza, wanunuzi wana fedha. Kwenye vijiji vya pamba vya Kanda ya Ziwa, fedha huingia mikononi katikati ya mwaka. Kusini, kwenye korosho, minada huanza mwezi wa Oktoba. Pili, barabara zimekauka, na mtu wa mbali anaweza kufika kuiona nyumba. Tatu, udongo na lipu vinakauka vizuri, na fundi anaweza kupanda juu ya bati bila kuteleza.

Lakini kiangazi kina hila yake, jamani. Kiangazi hakuna bati linalovuja! Hakuna ukuta unaolowa. Nyumba mbovu na nyumba nzima hufanana. Hapo ndipo shetani anapomnong'oneza muuzaji: "Paka chokaa tu, nani atajua?" Hata sisi mafundi alitunong'oneza, na tukamsikiliza.

KOSA LETU WENYEWE

Miaka kadhaa iliyopita ndugu mmoja alituita. Nyumba yake ilikuwa ya matofali mabichi, na chumba cha nyuma kilikuwa na ufa mrefu kutoka dirishani hadi chini. Ufa ule uliweza kuingiza vidole viwili. Tulimwambia, "Ndugu, ukuta huu umeshuka msingi. Inafaa kubomoa kipande hiki na kujenga upya." Yeye akasema hana muda wala fedha, na mnunuzi anakuja Jumapili. Akatuambia tujaze udongo, tupige lipu, tupake chokaa.

Tukafanya hivyo. Tulilipwa, tukaenda zetu.

Aliyenunua alikuwa mama mjane mwenye watoto wanne. Alikuwa ameuza ng'ombe wake wote ili apate nyumba karibu na shule. Alipoiona nyumba inang'aa alifurahi sana. Alitusalimia njiani akasema, "Ahsanteni wanangu, nyumba nzuri." Sisi tukaitikia tu, macho chini.

Mwezi wa Machi masika yakaanza. Usiku mmoja ukuta ule ukaanguka wote, ukalala juu ya kitanda. Kwa rehema za Mungu, usiku ule watoto walikuwa wamelala chumba cha mbele kwa sababu ya baridi. Hakuna aliyekufa. Lakini hatutasahau kile kitanda kilichovunjika.

Muuzaji alikuwa amekwisha hama, na fedha zilikuwa zimekwisha liwa. Wazee walituita. Hatukuwa na la kujitetea. Tuliujenga ukuta ule upya kwa matofali yetu na mikono yetu, bila malipo. Tangu siku ile tuna sheria moja: tunatengeneza, hatufuniki. Mtu akitaka tufunike, amtafute fundi mwingine.

ANZA NA WATU, SI NA UKUTA

Kabla ya kushika mwiko na ndoo, ziko kazi za maneno. Hizi ndizo watu huzisahau.

1. Kaa na jamaa zako. Mume asiuze nyumba ya ndoa bila mkewe kukubali, na mke vivyo hivyo. Haya si maneno yetu sisi. Ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Tumeshuhudia mnunuzi akifika na mizigo yake kwenye mkokoteni, na mama mwenye nyumba akamkuta mlangoni amesimama na mwiko wa ugali mkononi. Hana habari yoyote! Siku ile hapakuwa na aliyelala vizuri, si muuzaji wala mnunuzi.

Ulizaneni pia: tukiisha kuuza, tutalala wapi? Kama hakuna jibu, bado hamjawa tayari kuuza.

2. Kama nyumba ni ya urithi, warithi wote wajue. Mtoto mmoja hawezi kuuza nyumba ya marehemu baba kwa sababu tu ndiye anayeishi humo. Kwanza nendeni mahakama ya mwanzo. Pale atateuliwa msimamizi wa mirathi.

3. Waite majirani mtembee mipakani. Tembeeni pamoja toka jiwe hadi jiwe, toka mnyaa hadi mnyaa. Kama jirani ana neno, aliseme leo. Ni afadhali ugomvi wa mpaka ukatokea kabla ya fedha kuliko baada ya fedha. Mkishindwa kupatana, liko baraza la ardhi la kijiji. Lina wajumbe 7, na 3 kati yao ni wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha.

4. Nenda kwenye halmashauri ya kijiji. Hapa Tanzania Bara, ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Haki yako juu ya ardhi hiyo huwezi kumhamishia mtu mwingine bila halmashauri kukubali. Tena halmashauri inaweza kukataa kama uuzaji huo utamnyang'anya mwanamke haki yake ya ardhi. Kama una hati ya hakimiliki ya kimila, ichukue uende nayo. Usingoje siku ya kulipwa fedha. Kama nyumba iko mjini kwenye kiwanja kilichopimwa, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri yako.

5. Sema habari za makaburi na miti. Kuna nyumba zenye makaburi ya wazazi nyuma. Je, mtaruhusiwa kuja kufagia? Na ule mwembe, unauzwa au la? Na tangi la maji? Amueni mapema.

KAGUA NYUMBA WAKATI WA MVUA, ITENGENEZE KIANGAZI

Mwenye busara huanza kuandaa nyumba masika. Mvua inyeshapo, chukua daftari na kalamu. Ninyi leo mnajua kuandika, si ndiyo? Zunguka ndani ya nyumba na uandike: "Chumba cha watoto, pembe ya kulia, panavuja." "Ukuta wa jikoni, chini, umelowa." Kiangazi kikifika, daftari lako litakukumbusha yale ambayo jua limeyaficha.

Sasa tuitazame nyumba kutoka juu hadi chini.

Bati. Saa sita mchana, jua likiwa kali, ingia ndani, funga milango na madirisha, kisha tazama juu. Matundu yataonekana kama nyota. Weka alama. Mara nyingi bati halijaoza, ila msumari umelegea au kipira chake kimeisha. Badilisha msumari na kipira. Bati lililoliwa na kutu kabisa litolewe, liwekwe jipya.

Mbao. Chukua kisu uchome mbao za kenchi na miimo ya milango. Kisu kikizama kama kwenye muhogo uliopikwa, mchwa wamekula. Bandua zile njia za udongo za mchwa zinazopanda ukutani. Rudi baada ya siku chache. Kama zimejengwa tena, mchwa bado wamo, na chanzo chao kinapaswa kutafutwa. Mbao iliyoliwa ibadilishwe. Usiipake rangi.

Ukuta. Nyufa ndogo kama unywele kwenye lipu si ugonjwa mkubwa. Ufa unaopita kwenye tofali lenyewe, au unaozidi upana wa kidole, ndio wa kuogopa. Fanya hivi: bandika kipande cha karatasi juu ya ufa kwa uji mzito, na uandike tarehe. Karatasi ikichanika, ukuta bado unatembea. Isipochanika kiangazi, usijisifu bado. Udongo mweusi wa mbuga huvimba ukilowa na hupasuka ukikauka, na ukuta hufuata udongo. Ufa mkubwa mwite fundi akueleze chanzo chake. Labda ni msingi, labda ni maji yanayosimama, labda mlango haukuwekewa linta ya kutosha.

Lipu iliyobanduka usiipige juu kwa juu. Bandua yote iliyolegea, nyunyiza maji, kisha piga udongo mwembamba mara mbili au tatu. Udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na nyasi zilizokatwakatwa hushika vizuri. Watu wengi hupiga lipu ya saruji juu ya matofali mabichi wakidhani ndiyo maendeleo. Saruji ni ngumu na udongo ni laini, hivyo haviendi pamoja. Maji yakiingia nyuma ya saruji hayapati njia ya kutoka, na baada ya muda lipu yote hubanduka kama ganda la yai.

Msingi. Adui mkubwa wa nyumba zetu ni maji yanayosimama miguuni pa ukuta. Chimba mfereji wa kuyapeleka mbali, na jaza udongo na mawe mahali palipolika. Kazi hii inataka jembe na jasho tu, na inaokoa nyumba kuliko rangi yoyote.

Choo. Mnunuzi mwerevu hutazama choo kabla ya sebule. Kiwe na mlango, sakafu imara na kifuniko. Kiwe mbali na kisima, angalau mita 30. Kama shimo limekaribia kujaa, mwambie mnunuzi. Shimo la zamani lililoachwa lijazwe, maana tumesikia vilio vya ng'ombe na hata vya watoto waliotumbukia.

CHOKAA HUJA MWISHO

Mambo hayo yote yakiisha, sasa paka chokaa. Weka maji kwanza kwenye pipa, kisha tia chokaa kidogo kidogo. Usimwage maji juu ya chokaa, kwa maana chokaa kisichozimwa huchemka na kuruka, na kikiingia machoni kinaweza kupofusha. Watoto wakae mbali. Kiache kilale usiku mmoja, kichuje, paka mikono miwili au mitatu myembamba. Mkono mmoja mzito hupasuka.

Kisha fyeka majani, fagia uwanja, toa vyombo vibovu vilivyojaa nyuma ya nyumba. Fungua madirisha hewa ipite. Kazi hizi hazigharimu kitu, na mnunuzi huziona mara anapofika.

PIGA HESABU KABLA YA KUTUMIA

Si kila matengenezo yanarudisha fedha. Tuchukue mfano. Bei hizi ni za mfano wa hesabu tu.

Muuzaji wa kwanza aliambiwa nyumba yake ni shilingi 3,000,000. Akanunua misumari kwa 12,000, mbao kwa 30,000 na chokaa kwa 18,000, akamlipa fundi 60,000. Jumla ni 120,000. Akauza kwa 3,400,000. Bei imeongezeka 400,000. Toa 120,000, faida ni 280,000.

Muuzaji wa pili naye aliambiwa 3,000,000. Akaweka dari na sakafu mpya kwa 900,000. Akauza kwa 3,500,000. Bei imeongezeka 500,000, lakini ametumia 900,000. Amepata hasara ya 400,000.

Kwa hiyo, tengeneza kinachovuja, kinachoanguka na kinachonuka. Mapambo mwachie mwenye nyumba mpya achague mwenyewe.

MNUNUZI AKIJA

Mpokee vizuri, mpe kiti na maji. Mwache atembee, aguse, aulize. Kama kuna kasoro ambayo hukuweza kuitengeneza, mwonyeshe. Sema, "Ndugu yangu, pembe hii huvuja. Sikuwa na fedha za bati jipya." Labda atapunguza bei kidogo. Lakini hatarudi Machi akilia mlangoni pako, wala hutajificha ukimwona sokoni.

Na wewe unayenunua, usione haya kuuliza. Mwulize jirani, "Maji hupita wapi masika?" Majirani wanajua. Ukiweza, ngoja mvua moja inyeshe kabla ya kumaliza malipo.

ANDIKA, SOMA, KISHA TIA SAHIHI

Zamani wengi wetu tulitia dole gumba kwenye karatasi tusizozijua. Mtu alisomewa maneno mengine, na yaliyoandikwa yalikuwa mengine. Leo ninyi mmehitimu. Soma kila mstari, hata kama watu wanakuharakisha. Usipoelewa neno, uliza. Usitie sahihi kwenye karatasi yenye nafasi tupu. Fedha zihesabiwe mbele ya mashahidi, au zipitie benki au simu ili kumbukumbu ibaki.

Huu hapa ni mfano wa hati. Unakili kwenye daftari lako.

HATI YA KUUZIANA NYUMBA

Tarehe ........ Mwezi ........ Mwaka ........
Mimi ................ wa kijiji cha ................ nimemuuzia ................ wa ................ nyumba yenye vyumba ........ pamoja na kiwanja chake.
Mipaka: Kaskazini ........ Kusini ........ Mashariki ........ Magharibi ........
Vitu vinavyouzwa pamoja na nyumba: ................
Vitu visivyouzwa: ................
Kasoro ambazo mnunuzi ameonyeshwa: ................
Bei kwa tarakimu: Sh. ........ Bei kwa maneno: ................
Zimelipwa leo: Sh. ........ Zimebaki: Sh. ........ Zitalipwa tarehe ........
Muuzaji atahama tarehe ........
Sahihi ya muuzaji ........ Sahihi ya mke au mume wa muuzaji ........
Sahihi ya mnunuzi ........
Shahidi wa muuzaji ........ Shahidi wa mnunuzi ........
Sahihi na mhuri wa kijiji ........

Tengenezeni nakala 3: moja ya muuzaji, moja ya mnunuzi, moja ibaki ofisi ya kijiji. Hati hii peke yake haichukui nafasi ya kibali cha halmashauri. Vyote viwili vinahitajika.

Mtaona tumeweka mstari wa kasoro. Mstari ule tuliuongeza wenyewe kwa ajili ya yule mama mjane. Laiti ungekuwapo siku ile, muuzaji angelazimika kuandika neno "ufa", na mama angelisoma. Maana yule mama alikuwa amehitimu kisomo kama ninyi. Alijua kusoma vizuri sana. Ila sisi tulikuwa tumelifunika neno lenyewe kwa chokaa.

Ndugu zetu, mkiuza, tengenezeni. Msipoweza kutengeneza, semeni. Na mkisema, andikeni.



MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini ni vizuri kukagua nyumba wakati wa mvua, ingawa utaiuza kiangazi?
2. Ni watu gani wanapaswa kukubali au kujua kabla nyumba haijauzwa?
3. Fundi akiambiwa na mwenye nyumba afunike ufa, afanye nini?